Taka Iliyokwenda na Jua

Vijana wangu wapima ardhi, juzi mlipita hapa kwangu Mjimwema mkipima barabara. Mliniamkia vizuri, mkakubali na chai. Nikawauliza kaskazini mmeipata wapi. Mmoja wenu akanitazama kana kwamba nimemuuliza chumvi inanunuliwa wapi, akanionyesha kile kitu chenu cha setilaiti, cheupe kama uyoga, kilichokaa juu ya fimbo. "Mama, hii inajua yenyewe." Mkanywa chai, mkashukuru, mkaondoka. Mimi nikabaki kibarazani na maneno yangu mdomoni, na sina tabia ya kumeza maneno. Ndiyo haya nayaandika. Mtacheka, na mimi nitacheka pia, lakini humu ndani kuna jina la mtu nililoliharibu mwenyewe, na nataka kulirudisha mahali pake.

Naitwa Imelda Mapunda. Nilipima mkoa huu zaidi ya miaka thelathini, toka huku Songea hadi Mbesa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo hatukuwa na uyoga wowote. Tulikuwa na theodolaiti, darubini fupi inayokaa juu ya miguu mitatu na kupima pembe. Theodolaiti haijui kaskazini. Ukitaka kaskazini ya kweli katikati ya msitu wa miombo, mahali ambapo hakuna hata kanisa la kulenga msalaba wake, unauliza jua. Ukijua jua liko wapi angani na saa yako inasema nini, hesabu inakupa kaskazini. Hesabu yenyewe ilichukua jioni nzima, kwa penseli.

Namna ya kuliuliza ilikuwa hivi. Unaelekeza darubini juani bila kuchungulia. Nyuma yake, shibiri moja hivi kutoka kwenye lenzi ya jicho, unashika karatasi nyeupe. Jua linatokea pale kwenye karatasi, duara safi lenye ukubwa wa mdomo wa kikombe, na juu yake unaona kivuli cha nyuzi mbili nyembamba zilizokatana msalaba, zile zilizomo ndani ya darubini. Jua halisimami. Linateleza karatasini na kuziacha nyuzi nyuma. Ukingo wake ukigusa uzi, unapaza sauti "Sasa!" na mwenzako anasoma saa. Mnarudia mara sita, mara nane. Mimi nilikuwa mpiga kelele maarufu. Kuna kijiji cha Namtumbo walikuwa wananiita Mama Sasa, hadi leo nikipita sokoni nasikia.

Aliyenifundisha hayo si chuo. Chuoni walinifundisha hesabu. Kazi nilifundishwa na Mzee Gaudensi Hyera, mtu wa Mpitimbi, msaidizi wa upimaji mwenye elimu ya darasa la saba ambaye kazi yake ilikuwa kubeba chombo. Msidharau neno hilo. Sanduku la theodolaiti lilikuwa la bei ya nyumba, na katika kikosi chetu aliyelibeba alitembea nyuma yangu tu na mbele ya wengine wote. Hakuliweka chini bila kupangusa mahali kwanza. Mvua ikinyesha, sanduku lilivaa koti lake, yeye akalowa. Wakati wa chakula alikaa amelitegemeza begani, na akila masuku, yale matunda ya porini, alitemea kokwa upande wa pili.

Mwezi wangu wa kwanza kazini nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba binti naye anaweza. Tulikuwa tunapima jua, bosi amesimama pembeni, nami kwa kiherehere nikainama nichungulie kwenye darubini, macho wazi, bila kioo cheusi. Darubini ile ingeniunguza jicho kabla sijafumba kope. Kabla sijafika nikaona giza. Mzee Hyera alikuwa ameivua kofia yake na kuifunika lenzi ya mbele. Hakupiga kelele, hakuniaibisha mbele ya bosi. Akasema polepole, "Binti, hapa anayeruhusiwa kuchungulia ni karatasi peke yake." Jicho hili la kulia ninaloandikia leo, nalihesabu kuwa ni lake.

Mengine aliyonifunza nitawapa bure. Kwenye udongo laini, kanyaga miguu ya stendi mpaka ikatae, kisha subiri. Udongo unaendelea kushuka wakati wewe unajisifu. Asubuhi usilenge juu ya moto wa mtu, hewa ya moto inacheza na mstari. Ukifika kijijini, kwanza msalimie mwenye shamba, kwanza kabisa, halafu ndiyo uangalie shamba. Na ukiona doa kwenye darubini, usikimbilie kitambaa. Zungusha lenzi ya jicho kidogo: doa likizunguka, taka iko kwenye lenzi hiyo. Lisipozunguka, iko kwenye nyuzi. Hili la mwisho nililijua kama sala ya Baba Yetu, na ndilo lililonishinda.

Tunduru tulipata vituko vyetu. Ule ulikuwa wakati wa vito, kila mtu anatafuta mawe ya kung'aa, na watu wakaamini kwamba darubini yetu inaona chini ya ardhi. Tuliposimamisha chombo, kundi lilisimama mbali likijifanya linapumzika. Tukihama tu, majembe. Siku moja tuliamka na kukuta bikoni tatu zimeng'olewa, zile nguzo fupi za zege tunazozika kuonyesha mpaka, na mahali pake pana mashimo ya kina cha mtu. Nilitaka kulia. Mzee Hyera akachungulia shimo moja, akamwuliza kijana aliyekuwa ndani, "Umepata?" "Bado, mzee." "Endelea, basi, ukifika kwenye zege la pili utuite." Kijiji kizima kilicheka, na waliofukua ndio waliotusaidia kuzirudisha.

Sasa Juni ya 2004. Mnaijua Juni yetu, baridi inakata masikio na anga limeoshwa. Tulikwenda kupima mipaka ya mashamba nje kidogo ya Mpitimbi, kwao Mzee Hyera. Njiani kuna kijito chenye mawe ya utelezi. Alipovuka aliteleza, akapiga goti majini, lakini sanduku alilinyanyua juu kwa mikono miwili kama padri anavyoinua kikombe. Nilimwona. Nikamwuliza kama limegonga. Akasema, "Goti langu limegonga, mama. Sanduku halijagusa hata maji." Wakati ule alikuwa ameshaacha kuniita binti. Nilikuwa mkubwa wake wa kazi, na miaka yake ya kustaafu ilikuwa imekaribia.

Saa tatu asubuhi nikashika karatasi, jua likaja. Na juu ya jua, doa. Jeusi ti, duara kamili, ukubwa wa punje ya ulezi. Madoa ya jua lenyewe nilishawahi kuyaona, yana kingo zilizochanika. Hili lilikuwa safi mno. Nikasema moja kwa moja: taka. Nikazungusha lenzi ya jicho, doa likabaki pale pale. Nikasema iko kwenye nyuzi. Nikapangusa, nikapuliza, nikafungua kilichofunguka na kisichotakiwa kufunguliwa porini. Nikaelekeza tena, doa lipo. Nilivyokuwa na hasira, nilitamani nilikwangue karatasini kwa ukucha.

Mzee Hyera alikuwa ameshika saa. Akasogea, akaangalia karatasi muda mrefu, jua likiteleza.

"Mama, hiyo siyo taka."

"Ni nini, basi?"

"Sijui. Lakini taka inakaa na nyuzi. Hii inakwenda na jua. Angalia, nyuzi zimebaki, yenyewe inaondoka. Na tangu tulipoanza imesogea ndani ya jua, haiko pale ilipokuwa."

Vijana, hebu tulieni hapo. Mtu wa darasa la saba alikuwa ametoa hoja ambayo mtahini yeyote angeipa alama zote. Doa la kwenye nyuzi lingebaki na nyuzi. Lililokwenda na jua lilikuwa juu ya jua. Ingenitosha kunyamaza kwa muda wa kuhesabu kumi na kutazama karatasi niliyoishika kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeshaamua, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshamwona mkosaji, amelowa goti.

"Mzee," nikamwambia mbele ya kikosi chote, "usinifundishe kazi. Wewe umegonga chombo kule mtoni."

Tukafungasha, tukarudi mjini na Landrova mchana ule ule bila kupima hata mpaka mmoja. Alasiri nikaandika taarifa: chombo kimeharibika kutokana na uzembe wa msaidizi, ambaye alianguka nacho. Nikaiweka mezani kwa bosi, nikaenda nyumbani nikijiona mchapakazi.

Jioni nikiwa nachambua mboga, redio ikasema kwamba siku ile sayari ya Zuhura ilipita mbele ya jua, tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na kwamba ilionekana kama nukta nyeusi, jambo ambalo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuliona kabla. Mboga ikabaki mkononi. Zuhura! Ile nyota ya alfajiri tuliyokuwa tukiamkia safarini, ilikuja mchana ikakaa kwenye karatasi yangu, na mimi nikataka kuifuta kwa kitambaa.

Ninalowaambia sasa sijalisema hadharani. Nilidamka nikaenda ofisini nikiwa na nia ya kuichukua ile taarifa. Nikakuta bosi ameshaisoma, ofisi imejaa. Akasema, "Mama Mapunda, umefanya vizuri kusema ukweli." Wanaume wanane wakanigeukia. Ningewaambia nini? Kwamba mpima mwenye vyeti, mwanamke pekee katika chumba kile, ameiona sayari akaiita taka? Wangenicheka hadi nistaafu. Nikasema asante. Chombo kikapelekwa Dar es Salaam kwa mafundi, kikarudi na kijikaratasi kwamba hakina hitilafu yoyote. Hapo tena nilipata nafasi ya kusema. Nikakunja kijikaratasi, nikakiweka kwenye mkoba.

Mzee Hyera alihamishiwa uani, kufyatua bikoni. Kazi yake ikawa kukoroga zege na kulimimina kwenye vibao. Nilipita pale kila asubuhi, nikamwamkia, akaitikia marahaba, mikono yake myeupe kwa saruji. Sanduku akapewa mtu mwingine, na yule alizoea kulikalia. Mzee alikuwa analiona likikaliwa. Akastaafu akitokea pale uani, akarudi Mpitimbi. Hakunidai neno lolote, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, aibu yangu.

Miaka minane ikapita. Nikaja kusikia kwamba Juni ya 2012 Zuhura itapita tena, na kwamba baada ya hapo hairudi mpaka 2117. Mnaisikia tarehe hiyo? Hata mtoto atakayezaliwa leo hii hana uhakika nayo. (Utaridi, sayari mwenzake, naye hupita, yeye mara nyingi zaidi, ila ni mdogo sana, ncha ya sindano. Wa Novemba 2019 nilimtafuta hapa uani, mawingu yakaninyima. Wa Novemba 2032 ni wenu. Tafuteni darubini na karatasi, na msichungulie.) Kwa huku kwetu ile ya 2012 ingekuwa inamalizikia: jua lingechomoza likiwa nayo tayari, na kabla ya saa mbili imeshatoka.

Nikaandika barua ya kuisahihisha ile taarifa yangu, nikaomba ofisini ile theodolaiti ya zamani iliyokuwa stoo, nikaenda Mpitimbi mchana wa kuamkia siku hiyo. Nilimkuta Mzee Hyera amekaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu. Umekuja kupima nini huku?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

Hakuacha kupukuchua. Nikamweleza yote, redio, bosi, kijikaratasi cha mafundi. Nililia, sioni sababu ya kuwaficha. Alipomaliza hindi alilokuwa nalo akasema, "Ile redio hata mimi niliisikia, kwa jirani. Nikamwambia mke wangu, lala, kesho asubuhi mama atalirudisha jina langu."

Nikachukua hindi, nikapukuchua naye. Baadaye nikamwambia kwamba kesho inapita tena, kwa mara ya mwisho, nimekuja kumchukua akaione.

"Mimi nilishaiona," akasema. "Ambaye hujaiona ni wewe. Haya, nitakupeleka."

Alfajiri tulipanda kilima nyuma ya shamba lake. Nilitaka kubeba sanduku, akalichukua bila kusema kitu, akaliweka begani pale pale pa zamani, akatangulia. Hakutembea nyuma yangu safari hii. Juu kulikuwa na ukungu, nikadhani tumekosa. Nikasimamisha stendi, nikakanyaga miguu, yeye akaijaribu mmoja mmoja kwa mkono. Saa moja ilipopita ukungu ukapasuka upande wa mashariki, nikashika karatasi.

Ilikuwepo. Punje ileile ya ulezi, sasa karibu na ukingo. Sikugusa lenzi. Niliacha jua liteleze, nyuzi zikabaki, punje ikaondoka na jua, polepole, kwa utiifu kama alivyosema. Nilifurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa. Punje ikafika ukingoni, ikauma kipande kidogo cha jua, kile kipande kikazidi kuwa chembamba. Mzee alikuwa ameshika saa yake, na mara hii aliyepaza sauti alikuwa yeye.

"Sasa!"

Jua likawa tupu. Tukakaa kwenye majani yenye umande, akaniambia nimsomee barua. Nikasoma: kwamba chombo hakikuwa na hitilafu, kwamba hakikugongwa, kwamba kosa lilikuwa la mpima. Akatikisa kichwa. "Ongeza kwamba nilikuambia." Nikaongeza pale pale, juu ya goti: Msaidizi Hyera alinieleza kuwa doa linakwenda na jua, nikamkatalia. Akaiangalia ile sentensi, akaisoma mwenyewe kwa sauti, akairudisha.

Niliipeleka ofisini siku iliyofuata. Bosi yule alikuwa ameshahama. Karani wa masjala, binti mpole, alilitafuta jalada la 2004 siku mbili nzima. Akaja kuniambia, "Mama, yale ya miaka ile yaliliwa na mchwa kwenye stoo ya zamani. Hata hiyo taarifa unayotaka kuirekebisha haipo. Sasa barua hii nitaiambatanisha na nini?" Akanirudishia, kwa heshima zote.

Nikarudi Mpitimbi na barua yangu. Nilidhani atafurahi kwamba maneno yale mabaya yameliwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hakuna karatasi inayosema nilikiangusha."

"Hakuna, baba."

"Na hakuna inayosema sikukiangusha."

"Hakuna."

"Wale wa kikosi walisikia ukisema nimekigonga. Wa uani walijua kwa nini nipo uani. Sasa nani anajua kwamba sikukigonga?"

"Mimi na wewe," nikasema.

Akanitazama bila hasira, na ingekuwa nafuu angekasirika. "Mimi na wewe tulijua tangu jioni ile, mama."

Mzee Hyera hayupo tena, na wengi wa kikosi kile hawapo. Barua imechakaa mikunjo, na ofisi mnayofanyia kazi ninyi haina mahali pa kuiweka. Kwa hiyo ishikeni ninyi. Asubuhi ile ya Juni, pale Mpitimbi, Gaudensi Hyera hakukiangusha chombo. Aliiona Zuhura juu ya jua, akasema kwa sababu iliyo sahihi kwamba siyo taka, na mpima akamnyamazisha mbele ya watu. Mpima huyo ni mimi.